Rekoda Iunganishwe: Majibu kwa Wanaopinga

Mmewasikia wanaotaka rekoda za viwandani, vifaa vinavyoandika vipimo kama joto, zibaki zilivyo, bila kompyuta wala mtandao. Hoja zao nimezifuatilia kwa makini, na haya ndiyo majibu yangu. Pimeni wenyewe.

Wanaanza na karatasi. Wanasema chati ya mviringo iliyoandikwa kwa wino ni ushahidi usiochezewa. Ni kweli wino haufutiki kirahisi, ingawa chati nzima hubanduliwa na nyingine ikawekwa. Lakini ni ushahidi wa nini? Chukueni kiwanda cha maziwa. Katika mtambo wa joto kali la muda mfupi, maziwa hutakiwa kufika angalau nyuzi 72 za Selsiasi na kukaa hapo sekunde 15. Chati inayozunguka mara moja kwa saa 24, kalamu ikiwa sentimita 10 kutoka katikati, husogea takriban milimita 0.11 katika sekunde hizo. Mstari wa wino wenyewe ni mnene kuliko hapo! Joto likishuka na kupanda tena, chati haiwezi kusema kama lilishuka kwa sekunde 3 au 20, na hilo ndilo mkaguzi anataka kujua. Rekoda inayosoma kila sekunde na kupeleka namba kwenye kompyuta hulijibu.

Hoja yao nzito ni ya usalama: ukiunganisha, umewafungulia wadukuzi. Hofu hii ina msingi. Modbus, lugha ambayo vifaa vingi vya viwandani bado huzungumza, ilitoka mwaka 1979 na haina nywila. Anayefika kwenye waya anasikilizwa. Desemba 2015 wadukuzi walikata umeme wa wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine, na wakaharibu hata konvata zinazounganisha vifaa vya zamani na mtandao. Lakini tazameni walivyopita: barua pepe zenye kirusi zilizofunguliwa ofisini, nywila zilizoibwa, kisha ruhusa ya kutoa amri kwa mitambo kutoka mbali. Kusoma joto hakuhitaji ruhusa hiyo. Katika Modbus, amri namba 3 husoma, namba 6 na 16 huandika. Ukuta wa mtandao unaoielewa lugha hiyo unaweza kupitisha ya kwanza na kuzuia hizo mbili. Weka rekoda kwenye mtandao wake, mbali na kompyuta za barua pepe, na uzuie kila amri ya kuandika.

Na hapa wanajipinga wenyewe. Waulizeni data hufikaje ofisini kama hakuna kebo. Kwa flashi, watasema. Fundi huichomeka kwenye rekoda, kisha kwenye kompyuta ya ofisi, kesho tena kwenye rekoda. Mitambo ya nyuklia ya Natanz, Iran, haikuwa imeunganishwa na intaneti, lakini programu hasidi iitwayo Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, iliundwa ienee kwa flashi na ikaifikia. Anayekataa kebo kwa ajili ya usalama huku akizungusha flashi hajalinda chochote. Kebo unaweza kuiwekea ukuta na kuona kilichopita. Flashi iliyo mfukoni mwa mtu huioni.

Wanasema pia vifaa vya zamani havifai, lazima kununua vipya. Si kweli. Kipimo cha zamani chenye mkondo wa miliampea 4 hadi 20 kinasomwa na rekoda ya leo bila kubadilishwa. Tena sifuri yake ni miliampea 4, hivyo waya ukikatika mkondo hushuka hadi 0 na hitilafu hujulikana mara moja. Rekoda yenye njia ya mawasiliano ya RS-485 inahitaji jozi ya waya, ambayo kwa kasi ndogo hufika mita 1,200, na konvata upande wa pili.

Mwisho wanadai mtandao ukianguka data inapotea. Inapotea pale tu rekoda ikinunuliwa bila kumbukumbu yake ya ndani. Yenye kumbukumbu huendelea kuandika, na mtandao ukirudi kompyuta huchukua kilichobaki nyuma, mradi saa za vifaa vyote zimelinganishwa. Hili la saa ndilo wangelisisitiza, na hawaligusi kabisa.

Wewe unayesimamia kiwanda, kabla hujakubali hoja ya usalama, mwombe mhusika akuonyeshe flashi anayotumia, na akuambie ilichomekwa wapi mara ya mwisho.