Ukimya wa Mwanamume Usimponze Mtoto

Ndoa ivunjikapo mjini Kiomboi, mwanamume huonekana kazini kesho yake kana kwamba hakuna lililotokea, na majirani husema kuwa hana moyo. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Tangu utotoni mvulana huambiwa kwamba mwanamume halii. Akikua, hulificha jeraha lake katika kazi au katika pombe. Wahenga walinena: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hata hivyo, uchungu uliofichwa si udhuru wa kukwepa wajibu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka baba awatunze watoto wake, wawe wanaishi naye au na mtu mwingine. Sheria hiyo hiyo iliweka Mabaraza ya Usuluhishi, ambako kwa kawaida shauri hupelekwa kabla ya talaka kuombwa mahakamani. Anayenyamaza hata huko hujinyima nafasi ya kusikilizwa, na mwalimu ndiye huona mapema daftari la mtoto lisilonunuliwa.

Walimu na watumishi wenzangu, hatuna budi kuwafundisha wavulana kwamba kusema maumivu si udhaifu. Aliyeachana na mkewe anaweza kunyamaza. Lakini matunzo ya mtoto hayangoji jeraha la baba lipone.