Jua Limezama? Tulia Kwanza!

Wiki hii nawapa siri ya Nyololo, pale njia ya Mgololo inapochepuka kutoka barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya.

Wengi tunaojifunza kupiga picha tunalifukuzia jua lenyewe. Likishatumbukia nyuma ya miti, mtu simu mfukoni, huyooo, anakimbia baridi ya Mufindi. Kumbe uhondo ndiyo kwanza unaanza! Jua likiwa chini ya upeo huyamulika mawingu kwa chini. Mwanga wake umepita kwenye hewa nyingi, bluu imetawanyika njiani, umebaki wekundu. Vaa koti, subiri dakika 10 au 15. Ila usizubae, huku kwetu kiza hakibembelezi.

Zima flashi, gusa anga kwenye kioo cha simu, punguza mwanga kidogo. Miti ikitoka myeusi, wala usijali, mie naona ndiyo inayolipamba anga. Mvua zikianza, mwezi Novemba hivi, mawingu ya jioni hayana mpinzani.

Lakini mshkaji, usisimame katikati ya lami. Malori ya Tunduma hayajui kama wewe ni msanii. Picha tamu ni ile utakayofika nayo nyumbani.