Kila chupa ya damu iandikwe kwenye kadi ya mtoto

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Rwamagasa na Nyarugusu mkoani Geita, au Kakola upande wa Kahama, mtoto akipauka viganja na kuhema kwa shida, neno la kwanza ni kwamba damu imepungua. Mara nyingi chanzo ni malaria. Kwa mtoto mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita ugonjwa huo, hali hiyo hujirudia, na kila ikizidi anaongezewa damu. Chupa hiyo inaokoa maisha na mzazi asiikatae hata kidogo. Hatari inaanza pale chupa zinapoacha kuhesabiwa.

Chupa moja ya damu ya mtu mzima ina takriban miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma. Mwili hauna njia ya kuyatoa yanayozidi. Kwa siku hupoteza miligramu moja au mbili tu. Mtu mzima mwenye afya ana gramu 3 hadi 4 za chuma kwa jumla, kwa hiyo chupa kumi zinamwongezea nusu ya kiasi hicho au zaidi. Chuma hicho hutuama kwenye ini, moyo na tezi za homoni. Mtoto anadumaa, kubalehe kunachelewa, ini linaingia makovu, na kwa miaka mingi hakuna dalili inayomshtua mama.

Ulaya Kaskazini wapo wanaorithi maradhi ya kulimbikiza chuma bila kuongezewa damu yoyote. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1996, na tiba ni kumpunguza mgonjwa damu mara kwa mara. Kwa Waafrika kasoro hiyo ni nadra sana.

Urithi wa Kanda ya Ziwa ni selimundu. Utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2020, ulitumia matone ya damu yaliyokauka kwenye karatasi, yaliyokuwa yamekusanywa kupima VVU kwa watoto wa kanda hiyo. Karibu mtoto mmoja kati ya watano alibeba kinasaba cha selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Mtafiti Anthony Allison alishaeleza sababu mwaka 1954: mwenye kinasaba kimoja ana kinga fulani dhidi ya malaria, ndiyo maana kinasaba hicho kimestawi penye mbu wengi.

Mgonjwa wa selimundu tayari ana damu pungufu, hivyo kumtoa damu ili kupunguza chuma ni vigumu. Anahitaji dawa za kunasa chuma, ambazo ni ghali na za muda mrefu. Njia ya busara ni kupunguza haja ya chupa zenyewe. Majaribio ya dawa ya haidroksiyurea kwa watoto wenye selimundu wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba wanaoitumia huongezewa damu mara chache, hupata malaria mara chache na vifo hupungua. Dawa hiyo ipatikane hospitali za wilaya. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limefupisha safari ya kwenda Bugando, lakini mama wa Nyarugusu hawezi kulivuka kila mwezi kufuata vidonge.

Lipo pia kosa la vidonge vya kuongeza damu. Mtoto wa selimundu anahitaji asidi ya foliki. Vyenye chuma apewe tu baada ya kipimo kuthibitisha kwamba chuma kimepungua. Kumpa kwa mazoea ni kumwongezea mzigo.

Familia za wachimbaji wadogo huhama kufuata rashi, yaani mahali dhahabu mpya inapogunduliwa, na kituo kipya cha afya hakiwezi kujua kilichofanyika kwenye kituo cha zamani. Kwa hiyo tarehe na idadi ya chupa viandikwe kwenye kadi kila mara, na anayekaribia chupa kumi apimwe feritini, kipimo kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini. Mzazi asitoke wodini bila kuhakikisha vimeandikwa, na muuguzi asione usumbufu akiulizwa.