Baina ya Vijiji Viwili, Kandoni mwa Mto Eye
Miongoni mwa matembezi ambayo mzazi aweza kuyafanya na wanawe pasina khofu wala mashaka, sijui yaliyo mafupi na yenye neema kuliko yale ya Gloucestershire, Uingereza, yatokayo kijiji cha Lower Slaughter hadi Upper Slaughter, masafa ya takribani maili moja tu, kandoni mwa mto Eye, ambao maji yake ni haba na maangavu hata changarawe za chini zaonekana. Mwanzoni kipo kinu cha matofali mekundu cha karne ya 19, kilichosimama mahali ambapo vinu vilikwisha tajwa katika daftari la Mfalme William la mwaka 1086, na gurudumu lake lingali ubavuni. Hapo watoto hutaka kukaa, nao waachwe wakae. Kisha njia yapita katika malisho yenye wenyewe, ambamo sheria yampa kila mtu haki ya kupita, naye hutakiwa aviache vilango kama alivyovikuta na asiwatishe kondoo, nami naihesabu sheria hiyo kuwa ni katika hazina kubwa za nchi ile. Ama Upper Slaughter, ambako Edwin Lutyens alizijenga upya nyumba za uwanjani mwaka 1906, lipo jambo ambalo mtoto hana budi kuelezwa papo hapo: katika vita vyote viwili vya dunia, kila aliyetoka kijijini humo kwenda kupigana alirejea hai, bahati ambayo vijiji vichache mno vya Uingereza viliruzukiwa.