RN2 Bukavu–Kamituga: mlima hauna kosa

Wakongomani wenzetu, raia wa Bukavu, Walungu, Mwenga na Kamituga,

Kila mwaka mvua ikianza mwezi wa 9, wakubwa wanatuimbia wimbo ule ule: «Barabara ya Kamituga ni ngumu juu ya milima.» Tumechoka. Milima ilikuwa pale mbele ya Serikali kuwa. Mlima haukukula pesa ya barabara.

Toka Bukavu mpaka Kamituga haifike kilomita 200. Mimi nilipanda Fuso kwenda kutafuta kazi kule, maana diplome yangu ya chuo kikuu iko ndani ya sanduku tangu miaka miwili. Tulilala njiani siku tatu. Gari zimekwama mbele yetu, zingine nyuma yetu. Mama mmoja alikuwa na vikapu vya tomati. Siku ya pili akaanza kuzitupa. Nikamuuliza kama mtaji ni wake. Akanijibu: «Ni wa kukopa, mwanangu.» Usiku vijana wakapita na kipoyi, wamebeba mama mjamzito, wanatafuta hospitali kwa miguu. Tuliwapisha, basi. Hatukuwa na kitu kingine cha kuwapa.

Watatuambia pesa haiko. Tuhesabu pamoja. Tangu mwaka 2008 kuna sheria iliyounda FONER, mfuko wa kitaifa wa kutunza barabara. Pesa yake inatoka kwenye kila litre ya mafuta na kwenye peaji. Maana yake, kila mara motari anaweka esanse, analipa barabara. Mama wa sombe analipa pia, juu dereva anaweka ile pesa ndani ya bei ya safari. Hatuombe zawadi ya mtu. Tunadai kitu tulikwisha kulipa.

Na Kamituga si mahali pasipo mali. Dhahabu inatoka pale tangu wakati wa Wabeleji. Lakini dhahabu haiteseke na matope: inaingia mfukoni, inapita. Wanaobaki njiani ni muhogo, mgonjwa na mwanafunzi. Ndiyo maana wale wanaotajirika na Kamituga hawana haraka na barabara yake.

Kuanzia mwaka 2023 aina mpya ya mpox ilionekana Kamituga. Mwezi wa 8 mwaka 2024 OMS ikatangaza hatari kwa dunia yote. Jina la Kamituga likasomwa hata kule hawajui Bukavu iko wapi. Hotuba zikasemwa. Barabara ikabaki vile ilikuwa, na dawa zikapita kwenye mashimo yale yale.

Sasa tuseme ukweli na sisi vijana. Wakati barabara inakatika, tunafanya salongo, tunaweka mawe, na mheshimiwa anakuja kupiga picha mbele ya kazi yetu. Salongo yetu imekuwa kisingizio chao. Tena kuna wenzetu wanaojaza shimo mchana, wanatega kamba, wanaomba franga kwa kila gari, na usiku wanachimba tena shimo lile. Njaa tunaijua, tunalala nayo. Lakini ukimwibia mama wa tomati, utamwambia nini mkubwa aliyeiba FONER? Utakuwa mtoto wake.

Kwa hiyo tunadai:

1. Hesabu ya pesa ya peaji na ya FONER kwa RN2 ibandikwe mahali wazi, Bukavu, Mwenga na Kamituga, kila mwezi, kwa Kiswahili.

2. Barabara ya kitaifa ni kazi ya Serikali ya Kinshasa. Mashine ije wakati wa kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8, isiletwe mwezi wa 11 kuja kuzama pamoja na mafuso.

3. Kazi ya mkono ipewe vijana wa vijiji vya njiani, kwa mshahara unaoandikwa. Hapo kamba itaondoka yenyewe.

Wakinyamaza, tutakuja kuwauliza mbele ya ofisi zao, mchana, bila jiwe, bila fimbo. Kila mtu aje na risiti yake ya peaji. Hatutaimba sana. Tutainua zile karatasi juu, wazisome.

Mwanamemba wa movema, Bukavu