Tufunge Tulichofungua



Mwezi uliopita tuliondoka hapa Obokote kwenda Kindu kwa kazi iliyoonekana ndogo: kufunga konti ya benki tusiyoitumia tena. Tulidhani ni kazi ya asubuhi moja. Tulirudi nyumbani siku ya tisa, na konti haijafungwa. Hatuandiki haya ili kulalamika tu. Wengi wenu mmeanza kufungua konti, zenu binafsi au za vikundi vyenu, na hatujamwona bado anayewafundisha namna ya kuzifunga.

Asili ya konti yetu ni hii. Zamani mshahara wa mwalimu ulifika kwa noti, ukipita mikono mingi, na mikono mingine iliumega njiani. Mwaka 2011 Serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kwa njia ya benki, na baadaye, mahali pasipo na benki, Caritas ilipewa kazi ya kuwafikishia walimu mishahara yao. Lilikuwa jambo jema. Sisi tulifunguliwa konti katika benki moja. Baada ya miaka kadhaa tukahamishiwa nyingine. Hakuna aliyetuambia kwamba ile ya kwanza ingali hai, wala sisi hatukuuliza.

Konti ni mapatano, na kuacha kuitumia si kuyavunja. Kila mwezi benki hii hukata gharama ya kuitunza, uwe umeweka fedha au hukuweka. Tulikuwa tumeacha humo faranga 12,000. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba ilikimaliza kibaba, kisha ikaendelea kuhesabu. Karani alitazama kompyuta yake, akatuambia tunadaiwa faranga 41,000, na kwamba konti yenye deni haifungwi.

Tulikubali kulipa. Hapo ndipo safari ilipoanza. Konti ilifunguliwa kwa kadi ya mpiga kura ya uchaguzi wa 2011. Kadi tuliyo nayo leo ni ya uchaguzi wa 2023, na namba si ile. Jina letu la pili limeandikwa kwa herufi moja tofauti. Tulitumwa polisi kutafuta hati ya kupotelewa na kadi ya zamani, kisha kwenye ofisi ya Serikali kutafuta hati ya kuthibitisha jina, kila hati kwa malipo yake. Tulipozileta zote, tukaambiwa kwamba ombi letu lazima likubaliwe Kinshasa, na kwamba tungojee jibu. Kuifungua konti hiyo kulitaka picha mbili na nusu saa.

Tusiwe waonevu. Benki ina haki ya kumtambua mtu kabla ya kumfungia konti. Mwizi naye huja na barua nzuri na sahihi ya kughushi. Ila uangalifu huo ungepaswa kuwapo pia siku ya kufungua. Na mlinzi wa kweli angetupa habari mapema, deni lilipokuwa bado dogo. Muda wa mwalimu wa kijijini, nauli yake ya pikipiki na vipindi ambavyo wanafunzi wake wamevikosa, navyo ni mali. Hakuna anayeviandika kwenye hesabu.

Wazee wetu wana jeraha la zamani zaidi. Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 ziliondolewa ghafla, na wengi wakabaki na karatasi. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Pigeni hesabu wenyewe: kitabu cha akiba chenye zaire za zamani bilioni 300 kingempatia mwenyewe faranga moja. Hivyo ndivyo konti za wazazi wetu zilivyofungwa, bila barua wala kuagana. Msishangae basi mkiona mzee anaweka akiba yake katika mbuzi, au anaamini likelemba kuliko dirisha la benki.

Lakini jeraha hilo limetuachia desturi mbaya: tunaondoka kimya. Fedha ikiisha, tunaitupa kadi sandukuni na kusema, "Waache tu." Mjane wa mwalimu mwenzetu aliikuta kadi ya namna hiyo baada ya mazishi. Alidhani ina kitu cha kuwalipia watoto shule. Alihangaika na hati ya kifo na hati ya urithi miezi mingi, kisha akaambiwa hamna kitu. Marehemu angeweza kumwondolea taabu hiyo kwa karatasi moja.

Na ninyi katika vikundi, jitazameni. Konti ya kikundi hufunguliwa kwa sahihi za watu watatu. Mmoja huolewa, wa pili huenda Kisangani kusoma, wa tatu hufuata machimbo. Fedha ya michango hubaki imefungiwa, na aliyebaki kijijini hushukiwa wizi.

Kwa hiyo tunashauri. Siku ya kufungua, ulizeni namna ya kufunga na gharama ya kila mwezi, mpewe kwa maandishi. Tunzeni nakala ya kila karatasi. Kiongozi wa kikundi akiondoka, badilisheni sahihi kabla hajapanda pikipiki. Msipoihitaji konti tena, iondoeni fedha, ifungeni, na msitoke bila hati yenye muhuri.

Kwa wenye benki tunadai machache: masharti ya kufunga yabandikwe ukutani kando ya yale ya kufungua, na konti iliyolala isizalishiwe deni bila mwenyewe kuarifiwa. Miongoni mwenu, vijana, wako watakaoketi siku moja nyuma ya dirisha lile. Mkumbukeni basi aliyesimama mbele yake, na barabara aliyoipita.

Sisi tutarudi Kindu mvua zikipungua. Tumekwisha kuweka kando faranga 41,000, na kiasi kidogo juu yake, kwa maana mwezi huu nao umehesabiwa.