Dawa Gani Hiyo, Bwana Mtangazaji?

Ruiru ndiko ilikozalishwa kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, kisha Batian mwaka 2010. Zote mbili zina ukinzani dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Thika nako kipo kituo cha utafiti wa mboga na matunda. Je, maarifa hayo humfikiaje mkulima asikilizaye redio huku akichuma kahawa?

Humfikia yakiwa yamefungwa katika neno moja: dawa. "Pigeni dawa," husema mtangazaji, akapita. Kiuakuvu ni dawa. Kiuadudu ni dawa. Kiuagugu, kikaushacho mmea wenyewe, nacho ni dawa! Hata "ndawa" ya Kikuyu haituondolei utata huo. Mwenye mibuni ya SL 28 iliyoshikwa na chulebuni, maradhi yaletwayo na kuvu, akiinyunyizia kiuadudu, atapoteza fedha na mazao pia. Kisha tutamwita mjinga.

Wapo wadaio kwamba istilahi ni ngumu kwa watu wa mashambani. Sikubaliani nao hata kidogo. Mkulima huyo huyo hutaja SL 28 na Ruiru 11 bila kigugumizi. Lililopo ni kwamba watafiti huandika kwa Kiingereza, naye mtangazaji hulazimika kufasiri papo hapo, peke yake, bila orodha ya istilahi mkononi. Walimu wa Kiswahili na wa kilimo wangeweza kumtungia orodha hiyo katika likizo moja.

Ajabu ni kwamba tangazo la biashara lifuatapo kipindi hutaja jina la kemikali sawasawa, tena mara tatu.